Mwanafunzi wa historia, anza na wazee wa kwenu

Kila mwaka ikifika msimu wa majina ya waliochaguliwa vyuoni simu yangu haitulii, wadogo zangu, watoto wa majirani, hata watu nisiowafahamu vizuri waliopewa namba yangu na mtu, wote swali ni lile lile, dada nimepangiwa historia, nikubali au nihangaike kubadilisha kozi? Na nyuma ya hilo swali unasikia kabisa sauti ya mjomba fulani aliyesema "historia utakula nini". Mimi huwa nawaambia kubali. Alafu nawaandikia maelezo marefu ambayo naona bora niyaweke hapa mara moja, maana kuna jambo moja kuhusu kusoma historia digrii ya kwanza naliamini kwa moyo wote na silioni likisemwa vya kutosha, kwamba mwanafunzi wa digrii ya kwanza anaweza kuleta historia ambayo haikuwepo kwenye kitabu chochote, na hapa kwetu Tanzania hilo limeshawahi kufanyika, tena kwa kiwango ambacho watu wa nje walikuja kujifunza kwetu.

Tuanze na tulikotoka kwanza. Waliosoma HGL na HKL, ile michepuo ya fomu faivu na siksi yenye historia ndani, wananielewa, fomu siksi historia ilikuwa pointi. Swali linasema jadili sababu za wakoloni kuja Afrika, wewe unajua ni pointi sita, kila pointi na maelezo na mfano wake, utangulizi juu, hitimisho chini, ukisahau pointi moja umeshapoteza maksi. Madesa yanazunguka shule hadi shule, mwandiko wa mtu aliyemaliza zamani, umepigwa fotokopi ya fotokopi mpaka herufi zimefifia, na sisi tunameza. Sisemi haikuwa na faida, kuna mambo nilimeza kipindi kile mpaka leo yananisaidia, lakini hakuna hata siku moja mtu aliniuliza hizi habari zimetoka wapi. Nani alisema? Alikuwepo au alisimuliwa? Alisema mwaka gani, akimwambia nani, na yeye alikuwa anataka nini? Hayo maswali nimekutana nayo Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, semina za mwanzo kabisa za semista ya kwanza, lekchara katupa kipande cha barua ya ofisa mmoja wa Kijerumani akasema sitaki mniambie barua inasema nini, niambieni huyu bwana alikuwa anaogopa nini. Darasa zima kimya. Tumezoea pointi, leo tunaulizwa hofu ya mtu aliyekufa zamani. Mimi kuanzia pale nikajua nimefika nilipotakiwa kuwepo.

Sasa ili uelewe kwa nini Dar es Salaam ni mahali pa maana kwa mtu anayesoma historia inabidi urudi mwaka 1963. Mwaka huo profesa mkubwa wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alisema kwamba pengine huko mbele kutakuwa na historia ya Afrika ya kufundisha, lakini kwa wakati ule hakuna, iliyopo ni historia ya Wazungu ndani ya Afrika tu na kilichobaki ni giza. Mtu mzima, msomi, anasema hivyo mbele za watu! Na kipindi hicho hicho huku kwetu chuo kilichoanza mwaka 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba kilikuwa kinajiandaa kuhamia mlimani, na idara ya historia inaanzishwa. Aliyeanza kuiongoza ni Terence Ranger, Mwingereza ambaye serikali ya walowezi Rhodesia ilikuwa imemfukuza kwa kuwaunga mkono Waafrika. Kwenye miaka ile wakafundisha watu kama Isaria Kimambo, Arnold Temu, John Iliffe na Walter Rodney kutoka Guyana. Walichokuwa wanataka ni kitu kinachosikika rahisi ila kukifanya ni kazi, kumweka Mwafrika katikati ya habari zake mwenyewe.

Ugumu wake ni kwamba makaratasi karibu yote yaliandikwa na mtawala. Ukisoma mafaili peke yake babu yako anatokea sehemu mbili tu, siku alipolipa kodi na siku alipokataa kulipa. Alivyokula, alivyooa, alichofikiria usiku, hakuna. Kwa hiyo lazima uende kwenye midomo ya watu, na bahati nzuri wakati huo Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya utafiti kwa Wakuba kule Kongo na baadaye Rwanda na Burundi, alikuwa ameshaonyesha kwamba masimulizi ya mdomo yanaweza kuchambuliwa na kupimwa uzito vile vile kama waraka unavyopimwa. Ila unamhitaji mtu wa kwenda kuyachukua. Na nchi changa kama ile watafiti wenye uzamivu wangapi? Wachache sana. Waliokuwepo wengi ni wanafunzi.

Hapa ndio nilikuwa nataka kufika, Maji Maji.

Wote tumesoma Maji Maji toka shule ya msingi, Kinjikitile, maji, risasi, basi. Vita hivyo vya kumpinga Mjerumani vilianza Julai 1905 vilima vya Umatumbi, watu wa Nandete waking'oa mipamba kwenye shamba la lazima, na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye watu walikuwa wanamiminika kwake kuchukua dawa ya maji waliyoamini inazuia risasi, akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905 wakati vita ndio kwanza vinaanza kukolea. Vikaenda Liwale, Umwera, Ungindo, tarehe 30 Agosti maelfu ya watu wakaiendea boma ya Mahenge kwenye bunduki za mfululizo, vikaingia Ungoni, mpaka kuja kuisha 1907 kusini yote ilikuwa majivu kwa sababu Wajerumani walichoma mashamba na maghala makusudi ili njaa imalize kazi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na wapo waliofikia mpaka 300,000, wengi wao sio kwa risasi, kwa njaa.

Sasa kwa nini watu waliinuka? Ukiufuata upande wa serikali ya Kijerumani, Gavana von Götzen na watu wake, jibu ni waganga na machifu walikula njama wakawapumbaza watu wajinga. Kwa muda mrefu hilo ndilo lilikuwa limeandikwa. Basi mwaka 1968 idara ya historia ikawatuma wanafunzi, wakati wa likizo ndefu, warudi maeneo yao wakawatafute wazee waliokuwepo. Fanya hesabu, mtu aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1905, mwaka 1968 ana 78. Wangechelewa kidogo tu wasingemkuta mtu. Na hao wazee wakaongea. Wakaeleza habari za shamba la pamba la lazima, viboko vya akida na jumbe, wale watendaji wa Mjerumani vijijini, malipo madogo kiasi kwamba kuna waliokataa hata kuyapokea, na wakati wewe uko huko kwenye pamba ya serikali nguruwe pori wanamaliza mahindi yako. Wakaeleza ujumbe wa siri uliokuwa unanong'onwa mtu kwa mtu, njwiywila, unaotembea kijiji hadi kijiji miezi kabla risasi ya kwanza haijalia bila serikali kujua. Yaani watu walikuwa na sababu, walikuwa na mpangilio, walikuwa na akili zao timamu. Mwanahistoria Gilbert Gwassa akaja kuichimba habari hiyo mpaka uzamivu, na leo hakuna mtu duniani anayeandika Maji Maji kwa makini bila kupita kwenye yale waliyokusanya wanafunzi.

Yale makaratasi yao yapo, yamejaa East Africana, ile sehemu ya maktaba ya chuo inayotunza vitu vya Afrika Mashariki. Mara ya kwanza nimeyashika nilikuwa nafanya asaimenti tu ya kawaida, nikategemea kukutana na kitu kizito cha maprofesa. Nakuta kurasa za taipureta, jina la mzee, kijiji chake, tarehe ya mazungumzo, jina la mwanafunzi. Mwanafunzi! Mtu wa umri wangu, anayesubiri hela ya kujikimu kama mimi, anayewaza pepa kama mimi, kaenda kwao kakaa na mzee kijiweni na alichorudi nacho ndicho kinachosomwa. Nilikaa pale mpaka maktaba inafunga. Kusema kweli sijawahi kuitazama digrii yangu vile vile tena baada ya siku hiyo.

Kuna wanaosema ile kazi ilikuwa na kasoro na mimi nakubaliana nao, tena naona ni vizuri kulisema wazi kwa sababu ndio utamu wenyewe wa hii kozi. Wanahistoria waliokuja miaka ya baadaye walirudi kule kule wakasema, jamani, hawa vijana wa 1968 walikuwa mwaka mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, nchi nzima inaimba umoja, kwa hiyo na wao walikwenda kutafuta umoja na wakaupata. Hawakuwauliza sana wanawake. Hawakuuliza sana kuhusu ugomvi wa zamani kati ya jirani na jirani, kuna sehemu watu waliyachukua maji wakiwa na visa vyao vya siku nyingi, na kuna watu walisimama upande wa Mjerumani kwa hesabu zao. Mambo ya uwindaji na misitu nayo yaliachwa pembeni. Sawa kabisa. Lakini tunajuaje haya yote? Kwa sababu waliandika nani alisema, wapi na lini, kwa hiyo hata kile wasichokiuliza tunakiona. Na habari zenyewe wala hazijaisha, tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea akaomba msamaha, na ukoo wa Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani 1906, bado unadai fuvu la babu yao ambalo kwa simulizi za ukoo lilipelekwa Ujerumani. Umeona? Ukoo ndio ulioitunza hiyo habari miaka yote hiyo, kwa mdomo.

Haya, sasa na mimi. Mwaka wa tatu tulipotakiwa kuchagua mada ya utafiti wenzangu wengi walichagua vitu ambavyo vitabu vyake viko maktaba, ni rahisi na inaeleweka maana muda hautoshi na hela ndio hiyo hiyo ya bumu, mkopo wa chuo. Mimi kwa mama ni Nachingwea, mkoa wa Lindi. Likizo zote za utotoni tulikuwa tunasikia wakubwa wanataja "mashamba ya karanga" na Farm 17 kama mtu anavyotaja stendi, mahali tu pa kuelekezana njia. Nikaamua ndio hapo hapo.

Kwa wasiojua, baada ya Vita ya Pili ya Dunia Uingereza ilikuwa na shida kubwa ya mafuta ya kula, mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa akapeleka wazo serikalini kwamba Tanganyika ina ardhi tele, walime karanga. Wakaja watu wakazunguka, wakapiga hesabu, wakapanga kufyeka zaidi ya ekari milioni 3. Ekari milioni tatu! Wakaanza 1947 Kongwa, alafu Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliyobaki kwenye vita, mengine mabovu toka siku ya kwanza, vifaru vya kivita wakavigeuza vya kulimia. Kongwa udongo ni wa mfinyanzi, mvua ikikata unakauka unakuwa mgumu kama zege, karanga ziko chini utazitoaje? Na mvua yenyewe Ugogo kila mtu anaijua, isipokuwa waliokuwa London. Kule kusini ikabidi wajenge reli kutoka pwani mpaka Nachingwea na bandari Mtwara kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza imeacha, pauni kama milioni 36 zimekwenda.

Hayo yote unayapata kwenye vitabu na kwenye mafaili. Nilianzia Nyaraka za Taifa pale Upanga, unakwenda na barua ya utambulisho kutoka idarani, unaingia na penseli tu kalamu ya wino hairuhusiwi, unaletewa faili la kahawia limefungwa kwa kamba na karatasi zake nyembamba zile ukipumua kwa nguvu zinapepea. Nilizisoma kwa hamu sana. Ekari zilizofyekwa wiki hii, spea zilizokwama bandarini, ofisa huyu anamlalamikia yule. Watu wa Nachingwea wako mle wanaitwa "nguvukazi", kwa idadi. Wamwera, Wayao, Wamakua, Wamakonde waliovuka Ruvuma kuja kutafuta kibarua, wote wamegeuka namba kwenye mstari mmoja.

Alafu nikapanda basi. Barua ya chuo inakwenda kwa katibu tawala wa mkoa, anaandika kwenda wilayani, wilayani wanaandika kwenda kata, mtendaji anaandika kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti anasoma jina lako anasema "kumbe wewe si mtoto wa fulani!" na barua zote zinawekwa pembeni. Kulikuwa na babu mmoja, rafiki wa marehemu babu yangu, ambaye toka niko mdogo akiniona ananiita mke wangu. Nikamkuta barazani anabangua korosho. Shikamoo babu. "Marahaba mke wangu, umekuja na posa au umekuja mikono mitupu?" Nimemletea sukari na sabuni. Tukala, tukaongea habari za watu waliokufa na waliooa, jua likaanza kupoa ndio nikamwambia babu, nimekuja nataka unieleze karanga.

Nilimuuliza miti ile yote waliitoaje. Hakunijibu kwa mdomo. Akaita vitukuu wawili, akafungua kamba ya mbuzi, huyu akashika ncha hii, yule ncha ile, akawaambia wewe trekta na wewe trekta, tembeeni. Wale watoto wakaanza kutembea kwenye majani marefu pembeni ya nyumba, kamba katikati inalala chini, majani yanainama yote upande mmoja. "Sasa hiyo kamba weka mnyororo wa meli," akasema, "na hayo majani weka msitu wa baba zetu." Akanyamaza kidogo alafu akaendelea, jinsi mti mkubwa ulivyokuwa unang'oka na mizizi yake, mizinga ya nyuki inadondoka, nyuki wanatoka na watu wanakimbia, Mzungu anakimbia na mwenye mzinga anakimbia, ila mwenye mzinga analia. Ule mnyororo nilishausoma Upanga, mnyororo wa nanga uliofungwa kati ya mabuldoza mawili ni kweli walitumia, kwenye faili ni kifaa na gharama yake. Mizinga haimo. Miti waliyokuwa wanafanyia tambiko haimo. Makaburi hayamo.

Wakati tunaongea bibi yuko jikoni anasikiliza, kila babu akitaja hela bibi anamkatiza. "Sio mwezi huo. Mwezi huo hawakulipwa." Bibi unajuaje? "Si nilikuwa nauza togwa kambini, mwezi ule nilirudi na mtungi umejaa." Nikageuza kiti. Mtu niliyemfuata ni babu, kwa sababu babu ndiye aliyefanya kazi kwa Wazungu, kumbe aliyekuwa na hesabu ya kambi nzima kichwani ni bibi, nani alikuwa na hela na nani anakopa, lini bei ya kanga ilipanda Nachingwea mjini, lini wafanyakazi walianza kupungua. Sura bora ya ile ripoti yangu imetoka jikoni kwa bibi. Na ndio maana nikisikia kwamba wale wa 1968 hawakuwauliza wanawake sana huwa inaniuma, hebu fikiria ni vitu vingapi vilikuwa jikoni.

Kitu kingine, mzee hakupi mwaka. Anakupa njaa, anakupa mvua kubwa, anakupa mtoto wa tatu kuzaliwa. Babu alisema reli iling'olewa "uhuru umeshakuja, mtoto wangu wa tatu anatambaa", nikilinganisha na maandishi ni kweli, reli ile iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60. Lakini sehemu nyingine alishikilia kwamba Wazungu wa karanga waliondoka kwa sababu ya Nyerere. Sasa hapo mwanafunzi anafanyaje? Mpango umefutwa 1951, TANU yenyewe imezaliwa 1954. Ni rahisi sana kuandika mzee amechanganya ukasonga mbele. Nikarudi kumuuliza taratibu, nikaelewa kwamba baada ya 1951 sehemu ya mashamba iliendelea kwa kiwango kidogo chini ya shirika lingine, na yeye aliendelea na kibarua kwa msimamizi yule yule, kwa hiyo tangazo la London la Januari 1951 kwake halikuwa tukio kabisa. Mwisho wa karanga kwake ni siku msimamizi alipofunga mizigo, na hiyo ni miaka ya uhuru. Faili liko sahihi na babu yuko sahihi, ni miisho miwili ya kitu kimoja. Kulielewa hilo kwangu lilizidi kozi nzima ya nadharia niliyoisoma, na nilipata A kwenye kozi yenyewe.

Ardhi ile ile baadaye ikawa kambi ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji. Farm 17, shamba la karanga, ndiko Samora Machel alikokuwa anafundisha wapiganaji mpaka Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Kongwa nako vile vile, toka 1964 palikuwa na kambi za wapigania uhuru, FRELIMO, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola. Kwa hiyo mzee mmoja wa Nachingwea amebeba Mwingereza, uhuru, Samora na Operesheni Vijiji, ile ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, vyote kichwa kimoja.

Babu na bibi wote wameshatangulia. Waliofanya kibarua cha karanga 1948 sahivi ukimpata mmoja umepata bahati kubwa, wengi wamekwenda na habari zao. Kwa hiyo nyie mnaoanza chuo mwaka huu msinifuate mimi nyuma, angalieni ni nani yupo leo. Waliohamishwa kwenye Operesheni Vijiji kati ya 1973 na 1976, waliokuwa watu wazima wakati ule sasa ni wazee, waulizeni walibeba nini na waliacha nini, nani alikataa, nyumba ilibomolewa na nani. Waliopigana Kagera 1978 na 1979, wapo, na wake zao waliobaki na watoto bila barua miezi wapo pia. Mama zenu na mashangazi waliopanga foleni za sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 80, waliokula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, waliokuwa na duka wakati wa msako wa wahujumu uchumi 1983. Mnadhani hayo yameandikwa? Yameandikwa na nani? Hotuba zimeandikwa. Namna mama alivyogawanya nusu kilo ya sukari kwa nyumba ya watu tisa haijaandikwa na mtu.

Namna ya kufanya sio ngumu na siku hizi nyie mna simu, sisi tulikuwa tunaazimana rikoda. Salimia, kaa chini, usifike na karatasi ya maswali mkononi kama mtu wa sensa. Omba ruhusa kabla ya kurekodi na umweleze mzee kabisa sauti yake itakwenda wapi, wengine wana sababu za kuogopa na sababu zao ni za kweli. Andika jina, kijiji, tarehe, na nani mwingine alikuwepo mmekaa, maana mzee akiwa na mwenyekiti pembeni anaongea vingine. Ripoti utaandika kwa Kiingereza kwa sababu chuo kinataka hivyo, lakini maneno yake yaandike kama alivyosema, Kiswahili au Kimwera au chochote, uyatunze hayo. Na kopi wape ukoo. Mimi niliwapelekea watoto wa babu kwenye flashi na kuna mjukuu wao mmoja aliyezaliwa babu ameshakufa anaijua sauti yake.

Kuhusu kazi sitaongea sana. Wenzangu wa darasa moja wapo shuleni wanafundisha, wapo magazetini na redioni, wapo makumbusho, wapo benki, mmoja anatembeza wageni Kilwa Kisiwani na anawaeleza Husuni Kubwa vizuri sana. Ajira ni ngumu kwa kila mtu, hata waliosoma vile vitu ambavyo mjomba anavisifia.

Ninachokitaka mimi hasa ni kwa walimu wetu wa vyuo, popote walipo. Wanafunzi wa ualimu wanakwenda TP, mazoezi ya kufundisha, wa sheria wana fildi, wa uhandisi wana fildi, na likizo ndefu ipo kila mwaka vile vile kama ilivyokuwepo 1968. Chagueni mada moja kwa mwaka, tuseme Operesheni Vijiji, kila mwanafunzi wa historia arudi kwao akae na wazee wawili watatu, mmoja wao lazima awe mwanamke, arudi na maandishi yenye jina na tarehe, yapelekwe maktaba yakatunzwe sehemu moja kama yale ya Maji Maji. Darasa la watu mia mbili ni wilaya karibu zote za nchi hii. Na kwa mwanafunzi wa Dodoma ambaye hawezi kusubiri mpaka idara ikae kikao, Kongwa ni karibu, nauli yake haiui, nenda ukawaulizie akina mama waliokuwa wanauza chakula jirani na zile kambi za wapigania uhuru.